Mashine Tatu za Ex-UK na Stima ya Kisumu

Muulize mtengeneza kontenti yeyote wa Kisumu kamera yake ni gani, atakupa hotuba. Lensi, gimbal, maiki, taa, yote. Sasa muulize video zake zinalala wapi usiku. Atakuonyesha diski moja ya nje, imefungwa rababendi, iko ndani ya begi pamoja na chaja na lip balm. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya maisha yake yote. Ikianguka kwa boda pale Kondele, basi, kwisha habari yake.

Sitanii. Mwaka jana mshkaji wetu mmoja wa Nyalenda diski yake iligoma asubuhi moja, ikawa inalia tu tik tik tik. Harusi mbili ambazo hakuwa amemaliza kuedit, na ruracio moja. Bibi harusi wa kwanza alilia kwa simu. Wa pili hakulia, alileta kaka zake.

Ndiyo maana wiki hizi mmeniona nimenyamaza. Niko na mbogi yangu, wanne sisi, kwa chumba chetu cha kuedit juu ya duka la nguo, tunajiandaa kuweka kitu ambacho watu wa maseva wanakiita hifadhi inayoendeshwa na programu, juu ya klasta ya makontena. Najua, inasikika kama maneno ya mtu anayetafuta tenda ya kaunti. Ngoja nieleze, halafu utaniambia kama ni madharau.

Kontena kwanza. Si yale ya chuma unayoona bandarini. Ni programu iliyofungwa pamoja na kila kitu inachohitaji, unaweza kuiwasha kwa mashine yoyote ya Linux na ikafanya kazi vilevile. Ukiwa na mashine kadhaa, unahitaji mtu wa kuamua kontena gani liwake wapi, na likifa liwashwe wapi tena. Huyo anaitwa Kubernetes. Google waliiachilia kwa umma 2014, na jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake nahodha. Sisi tunatumia k3s, toleo jepesi la huyo nahodha, kwa sababu mashine zetu si za kutisha.

Shida iko hapa. Kontena halina kumbukumbu. Likifa kwa mashine ya kwanza, nahodha analiwasha upya kwa mashine ya pili, lakini lile jipya linazaliwa likiwa halijui chochote. Faili zilizokuwa kwa diski ya mashine ya kwanza zimebaki kulekule. Kwa tovuti ndogo hiyo ni sawa. Kwa video, ni msiba. Kwa hiyo unaweka programu nyingine inayochukua diski za mashine zote, inazifanya zionekane kama ghala moja, na kila faili inaandikwa zaidi ya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Zamani kazi hiyo ilifanywa na sanduku maalum la kampuni kubwa, bei ya gari. Sasa inafanywa na programu ya bure na diski za kawaida. Hilo tu.

Sasa, kwa nini tunajisumbua?

Kwa miaka miwili tumekuwa tukizunguka ufuo, Dunga, Usoma, hadi kule Seme, tukirekodi wazee wa ziwa. Wavuvi waliokuwa vijana mbuta ilipoanza kujaa nyavuni na samaki wengine wakaanza kupotea. Akina mama wa omena. Watu waliokumbuka maji ya miaka ya sitini, na ambao Mei 2020, ziwa lilipopanda likavunja rekodi ya 1964, walikuwa wakituambia "hii tuliiona" huku nyumba ziko ndani ya maji. Tuko na gigabaiti 320 za hayo mazungumzo. Wazee wawili kati ya wale wameshatuacha. Familia ya mmoja inafanya ukumbusho Agosti, na mjukuu wake ameniomba sauti ya babu, yote, siyo ile ya sekunde 60 tuliyopost. Hakuna mtu mwingine duniani aliye na hiyo sauti. Iko kwa diski mbili, zote kwa droo moja. Kila nikifungua hiyo droo tumbo linakaza.

Wengine mtasema: si uweke klaudi? Nimepiga hesabu. Jumla yetu ni karibu gigabaiti 1,020. Kwa intaneti yetu, kupandisha ni megabiti 10 kwa sekunde siku ikiwa nzuri. Hizo ni siku tisa na ushee, mchana na usiku, bila kupumzika, bila mtu mwingine kupost chochote. Halafu unalipa kila mwezi kwa dola huku wewe unalipwa kwa shilingi. Na nyaya zenyewe hazina huruma: Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilikatika baharini siku moja na Kenya nzima ikawa inaburura. Siichukii klaudi. Sitaki tu iwe ndiyo mlango pekee wa kufikia kitu nilichorekodi mwenyewe kilomita nne kutoka hapa.

Na kwa haki, kama uko peke yako na una gigabaiti 200, usifanye tunachofanya. Nunua diski mbili, moja ikae kwa aunty wako, badilisha kila Jumapili. Maliza. Sisi tuko wanne tunaedit pamoja, mashine moja ikifa kazi haiwezi kusimama, na mimi binafsi nataka hii iwe kazi yangu siku moja. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa inanimaliza na nilichokuwa nasoma kilikuwa kinaniacha nyuma. Mathe bado ananiuliza kwa upole wa kutisha, "Nyathina, hizo kompyuta ndizo digrii?" Namwambia, "Mama, hizi zinakula kidogo kuliko digrii." Anacheka, lakini anaendelea kuangalia.

Mashine ni tatu, zile ndogo za ofisi, ex-UK, saizi ya biblia. Kila moja ina kori nne, RAM ya gigabaiti 8, SSD ndogo ya mfumo, na SSD ya terabaiti moja ya kuhifadhi. Tumezipa majina: Omena, Mbuta na Ngege. Usicheke. Jina lazima liwe tofauti kwa kila mashine, la sivyo klasta inachanganyikiwa nani ni nani, hasa ukiwa umekopi mfumo kutoka diski moja kwenda nyingine.

Kwa nini tatu na si mbili? Hili nililielewa vizuri nikikumbuka chama cha mathe. Klasta ina daftari lake, etcd, linaloandika nini kiko wapi, na kila mashine inashika nakala. Ili kitu kiandikwe, zaidi ya nusu wakubaliane. Ni akidi. Kwa wanachama watatu, mmoja akikosa wawili wanaendelea. Kwa wanachama wawili, mmoja akikosa mkutano umevunjika. Kwa hiyo mashine mbili si salama kuliko moja; ni mashine mbili za kuharibika na hakuna faida. Hiyo inawashangaza watu wengi.

Tulibishana wiki nzima kuhusu programu ya hifadhi. Kuna Ceph, mzee wa kazi, iliyotoka kwa utafiti wa Sage Weil huko chuo kikuu cha California, Santa Cruz. Jina limetokana na jamii ya ngisi na pweza, mikono mingi. Ceph ni mnyama. Inabeba maghala makubwa ajabu. Lakini inataka diski tupu isiyo na mfumo wa faili juu yake, na kila diski ina mlinzi wake ambaye kwa kawaida amewekewa lengo la gigabaiti 4 za RAM. Nina 8. Atabaki nani kuendesha Nextcloud? Kuna Longhorn, iliyoanzia kwa Rancher Labs, jina la wale ng'ombe wa Texas wenye pembe ndefu, binamu wa mbali wa Ankole wa hapo Uganda. Longhorn inakubali folda tu ndani ya diski yenye ext4 au XFS, na ina ukurasa mzuri wa kuangalia afya ya kila kitu. Kwa mashine tatu na watu wanne wasio na uzoefu wa miaka kumi, tumechukua ng'ombe.

Omera mmoja kwa mbogi alitaka tuiweke usiku uleule. Amri moja, dakika kumi, iko juu. Ukweli ni kwamba inaweza kuwaka hivyo. Nilikataa, na tukakosana kidogo. Kuweka ni dakika kumi; kinachokuja kukuua ni kile ambacho hukukiangalia kabla.

Mfano, diski. SSD zetu mbili ni za mtumba. Kila diski ina rekodi yake ya ndani, SMART, inasema imewashwa masaa mangapi, imeandikwa kiasi gani, ina sekta ngapi zilizokufa. Programu ya smartctl inakusomea. Moja ya zile tulizoletewa ilikuwa imeshatumika karibu hadi mwisho wa maisha yake, huku stika yake inang'aa kama mpya. Fundi wetu wa pale karibu na stendi, mzee ambaye huniita nyar Seme hata nikimwambia mama ndiye wa Seme, aliiangalia, akanyamaza, akasema, "Nyar Seme, rudisha hii kabla jua halijatua." Ilirudi.

Mfano wa pili, vitu vidogo vya Linux. Longhorn inaiunganisha volyumu kwa mashine kupitia iSCSI, kwa hiyo kila mashine, siyo moja, kila moja, inahitaji open-iscsi. Volyumu ikitumika na makontena ya mashine tofauti kwa pamoja, inapitia NFS, kwa hiyo unahitaji na hiyo. Halafu kuna mchawi anaitwa multipathd. Kwa Ubuntu Server huwa anakuja amewashwa, na akiona kifaa kipya cha Longhorn anakikamata akidhani ni chake, kontena lako linakaa linasubiri diski ambayo haiji. Tumemwekea orodha ya asivyoruhusiwa kugusa. Kuna kifaa kinaitwa longhornctl kinachokagua haya yote kabla hujaweka chochote. Tumekiendesha mara tatu hadi kikaacha kulalamika.

Anwani za IP, tumezifunga kwa ruta zisibadilike. Pita.

Sasa hesabu ya nafasi, na hapa ndipo tulipiga kelele hadi mwenye duka la chini akagonga dari. Terabaiti moja mara tatu ni tatu, si ndiyo? Hapana. Kwa kawaida Longhorn inaweka nakala tatu za kila kitu, moja kwa kila mashine, kwa hiyo tatu imekuwa moja. Pia haipangi nakala mpya kwa diski iliyobakiwa na chini ya asilimia 25. Kwa hiyo kati ya gigabaiti 3,000 una 2,250 za kuchezea, na ukiweka kila kitu nakala tatu, ni 750 za kweli. Sisi tuna 1,020. Haingii.

Lazima uchague nini kinastahili. Hakuna programu itakuchagulia. Kazi za wateja, gigabaiti 400, nakala mbili: ni 800. Vipande vya kuedit, memes, vitu tunavyoweza kutengeneza upya, 300, nakala moja. Wazee wa ziwa, 320, nakala tatu: ni 960. Jumla 2,060. Zinabaki 190 za kupumua, na snapshoti nazo zinakula humohumo. Omera akasema wazee hawalipi, wateja ndio wanalipa kodi ya chumba, kwa nini wao wapate tatu na mteja mbili? Ni swali zuri, na nilimjibu bila kupamba: mteja tunaweza kumrudishia pesa. Hakujibu. Msichana wetu wa sauti, ambaye huwa haongei mkutanoni, akasema tu, "Tatu," akarudi kwa hedifoni zake. Akidi ikapatikana.

Kasi nayo tujue mapema ili mtu asije akalia. Waya wetu ni wa gigabiti moja. Kila unachoandika, mashine inayopokea inakituma kwa wenzake wawili wakati huohuo, na haisemi "nimemaliza" hadi wote wamepata. Waya unagawanywa mara mbili, unabaki na karibu megabaiti 55 kwa sekunde. Kadi iliyojaa ya gigabaiti 64 ni kama dakika 20. Nenda ununue mahindi ya kuchoma, urudi.

Halafu stima. Wewe unayesoma hii ukiwa Nairobi kwa jengo lenye jenereta, hii si yako. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ilizimika, hadi JKIA, ikarudia Novemba na Desemba mwaka huohuo. Lakini hizo kubwa si ndizo zinaua diski. Zinazoua ni zile za kila wiki wakati wa mvua, zinapotea, zinarudi sekunde tano, zinapotea tena. SSD za bei yetu hazina akiba ya ndani ya kumalizia kuandika umeme ukikatika ghafla. Mashine zote tatu ziko kwa soketi za chumba kimoja, kwa hiyo nakala tatu zinaweza kukatwa katikati ya sentensi kwa pamoja. Kuwa nyingi hakusaidii kitu hapo.

Tumenunua UPS. Na hapa kuna jambo sikuliona likiandikwa mahali pengi: kila mtu anachomeka mashine kwa UPS halafu anaacha swichi ya mtandao kwa ukuta. Stima ikienda, mashine zote ziko hai lakini hazisikiani. Kila moja inadhani wenzake wamekufa. Akidi hakuna, na nakala zinaanza kuhesabiwa kuwa zimeharibika wakati hakuna kilichoharibika. Swichi kwanza kwa UPS, mashine baadaye. Betri ikishuka, programu inayoitwa NUT inaziambia zijizime kwa mpangilio: Nextcloud ilale, volyumu ziachiliwe, kisha mashine.

Tumeweka pia mashine kwa rafu ya juu. Tuko ghorofani, maji ya ziwa hayafiki, lakini bomba la choo cha jirani nimeliona.

Na ndugu yangu, shika hili hata ukisahau mengine yote: nakala tatu si akiba. Ukifuta faili kimakosa, inafutwa kwa zote tatu, haraka na kwa uaminifu mkubwa. Wezi wakibeba rafu, wamebeba zote. Kwa hiyo Longhorn inapewa mahali pa nje pa kutupia nakala rudufu, na sisi pa nje ni laptop kuukuu ya shangazi yangu kule Riat, juu mlimani, yenye diski ya terabaiti mbili. Kwa kuwa intaneti ni ileile, nakala ya kwanza itapanda mlima kwa boda, ndani ya begi langu, na mimi nikimwambia dere apole kwa matuta. Zitakazofuata ni zile sehemu zilizobadilika tu, kwa hiyo usiku unatosha. Diski za wazee na za wateja zitakuwa zimesimbwa pia. Sheria ya Ulinzi wa Data iko tangu 2019, na harusi ya mtu ni data ya mtu.

Jumatano tulifanya zoezi kwa volyumu ya majaribio, bila kitu cha maana ndani. Niling'oa waya wa Mbuta bila kumwambia mtu. Chini ya dakika moja nahodha akaona Mbuta haipo. Kisha ikawa kimya. Omera akaanza kutokwa jasho, "mbona haihami?" Inasubiri. Kwa kawaida Kubernetes inangoja dakika tano kabla ya kuhamisha kontena, isije ikawa mashine imeteleza tu. Na kontena lililoshika volyumu huweza kukwama hata baada ya hapo hadi uiruhusu Longhorn iliachilie. Huo mpangilio huja umezimwa. Tumeuwasha. Mara ya pili likahama lenyewe, faili zote zikiwa sawasawa, herufi kwa herufi. Longhorn ikabaki inaonyesha rangi ya njano, nakala mbili kati ya tatu, kwa sababu hakuna mashine ya nne ya kuweka ya tatu. Ulipoirudisha Mbuta, ikajaza ilichokosa, rangi ikawa kijani. Tulishangilia kama Gor wamefunga.

Kuweka kwenyewe ni Jumamosi hii asubuhi, kabla jua halijachoma bati. Diski mbili za droo hazifutwi hadi mjukuu wa mzee apate kopi yake mkononi na nakala ya Riat iwe imefunguliwa na kusikilizwa kule kule, siyo kuonekana tu kwenye orodha.

Imebaki Ngege. Betri yake ya saa, ile ya duara CR2032, imekufa, kwa hiyo kila ikizimwa inaamka ikidhani ni 2015, na vyeti vya usalama vya klasta vinaikataa kwa sababu kwa saa yake havijazaliwa bado. Saa ya mtandao inairekebisha, ila intaneti ikiwa chini inabaki huko nyuma peke yake. Fundi amesema betri ataleta Ijumaa jioni. Nimemwambia, "Baba, Ijumaa ya wiki hii." Amesema ya wiki hii.